Zimwi Lililovaa Barakoa

Boga la kuchemsha lina harufu mbili. Ya mwanzo si nzuri. Ni harufu ya udongo uliolowa, ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Anayelijua boga haondoki hapo. Anasubiri ile ya pili, inayokuja likishachujwa maji, likapondwa kwa mwiko, likatiwa hiliki na sukari na tui zito, na hapo hata mtu aliyenuna hujikuta amesogea jikoni bila ya kujua miguu imemfikishaje. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nilichokijua nimekijua kwa pua na kwa viganja. Leo nna duka la mikate Sib, huku Oman, nna matanuri yangu, na vijana wenye vyeti vyao hunyamaza ninapowaambia unga huu bado. Sikubebwa na mtu kufika hapo, isipokuwa Mungu na marehemu bibi yangu. Nayasema mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Lakini nikiinusa ile harufu ya pili, vyeo vyote hivyo huondoka, nikawa tena mtoto wa miaka tisa aliyekaribia kuwahamisha watu wake nyumba kwa sababu ya donge la unga.

Tulikuja kutoka Unguja tukiwa wanne, wote wanawake: Bibi mzaa mama, Mama, mimi, na mdogo wangu Raya, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Baba alikuwa Kuwait anatafuta kazi. Kwanza tulikaa Matrah kwa jamaa, watu kumi na mmoja chumba kimoja, mpaka ukigeuka usiku wanageuka wote. Kisha Mama akapata nyumba Sib karibu na pwani, nyumba ya makuti ya mtende, upepo unaingia upande huu na kutokea upande ule. Ilikuwa yetu peke yetu, na Mama aliifagia mara tatu kwa siku kana kwamba ni kasri. Haikuwa na kisima. Visima vingi vya pale vilikuwa na maji ya chumvi, chai ukiipika kwa maji hayo unadhani umelia ndani ya birika. Maji matamu yalikuwa kwa jirani, ndani ya ua wake, na jirani alitwambia tangu siku ya kwanza: mlango uko wazi, choteni. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, Mama alisema, na wala hakuwa akisema kwa kupamba maneno. Kisima kile kikifungwa, sisi hatuna budi kurudi Matrah kwenye kile chumba.

Jirani huyo aliitwa Ummu Saidi. Mimi nilikuwa namuogopa kuliko kitu chochote nilichopata kukiona juu ya ardhi. Wanawake wa kwetu Unguja walivaa buibui, na uso wa mtu ulikuwa uso wa mtu. Ummu Saidi alivaa barakoa, ile ya wanawake wa pwani ya Oman: nguo ngumu yenye kung'aa, nyeusi inayokaribia buluu, imekaa usoni na ukingo wake umesimama juu ya pua kama mdomo wa ndege. Nyuma yake macho mawili. Siku nikienda kuchota maji, yale macho yananifuata, nami natazama ndoo. Alikuwa akinisemesha kwa upole, lakini sikuuona mdomo ukisema, na mtoto humsikiliza mtu kwa kumtazama mdomo. Nilikuwa nachota nusu ndoo nikimbie. Mama akanipiga akidhani ni uvivu, nami nikapendelea kipigo kuliko kusema kweli.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia pale joto linapovunjika, tende zimekwisha kuvunwa na maboga yamejaa mashambani. Ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza kufunga kutwa. Nilikwisha funga kumi na tatu bila ya kuacha hata moja, na nilijitangaza mtaa mzima mpaka watu wakachoka nami. Basi katika nyumba ya Bibi ilikuwepo ada yake, sijaiona kwa mtu mwingine: siku ya kumi na nne alitengeneza mazimwi. Aliponda boga, akalikanda na unga wa ngano na hamira, akakata madonge, akampa kila mtu wa nyumba donge lake, mkubwa na mdogo. Kila mmoja anafinyanga kile anachokiogopa zaidi mwaka ule. Macho yalikuwa ni karafuu, alizokuja nazo kutoka Unguja ndani ya kifuko alichokishona kwenye shuka yake ya ndani. Meno yalikuwa vipande vya nazi kavu. Yakishafinyangwa hukaangwa kwenye karai, na baada ya kufuturu kila mtu anamla wake mwenyewe, hakuna kubadilishana. "Kinachokutisha kitie tumboni," Bibi alikuwa akisema, "kikatishe minyoo."

Sharti la pili la ada ile lilikuwa kwamba mazimwi hayatoki nje ya nyumba. Jirani anapelekewa kaimati, anapelekewa boga la nazi, anapelekewa sambusa ikiwepo. Zimwi ni la mwenyewe.

Nayakumbuka yale ya mwaka ule kama niliyatoa karaini jana. Raya alifinyanga mbwa wa pwani, mwenye miguu mitano kwa sababu donge lilibaki. Bibi alifinyanga kitu kirefu kama mkunga wa baharini, akasema ni meli, hataki tena kupanda meli maishani mwake. Mama alikaa na donge lake kwa muda mrefu, akalifanya duara tupu, bila macho wala meno, akaliweka kwenye sinia. Mimi niliijua maana yake miaka mingi baadaye, nilipokuwa na mume wangu mwenyewe aliye safarini na barua haziji. Nami nilifinyanga uso. Niliutia karafuu mbili, nikazikandamiza ndani sana ili yale macho yasinitoke. Ulipotoka karaini nikachukua asali ya tende, ile nyeusi nzito, nikaupaka barakoa: ukingo juu ya pua, mkanda pembeni, kila kitu mahali pake. Sijapata kufinyanga mkate uliofanana na kitu kama ule, na nimekanda mikate maisha yangu yote.

"We Salma, hicho nini?" Bibi akaniuliza. "Kunguru?"

"Kunguru," nikasema.

Raya akaja akainama, akacheka kwa lile pengo lake. "Kunguru gani. Namjua huyo. Kunguru huyo ana kisima."

Nikamfinya. Akalia. Mama alikuwa nje anapepea moto, akauliza kuna nini, nikasema Raya ameungua. Hapo ndipo aibu iliponipanda, maana kumfinyanga mtu mzima, tena jirani, tena aliyekupa maji, si jambo dogo. Nilitafuta pa kulificha. Kando ya ukuta palikuwa na sahani ya kaimati imefunikwa kwa kawa. Nikalisukuma zimwi langu chini ya kaimati, nikafunika, nikasema nikitoka kutawadha nitalichukua. Nilipotoka kutawadha sahani haipo. Mama alikwisha jitanda, ameichukua mwenyewe kwa mikono miwili, ameipeleka kwa Ummu Saidi kabla ya adhana. Ilikuwa ndiyo sahani yake ya kwanza kumpelekea jirani, na alirudi akitabasamu.

Nilikaa kwenye futari nikitazama mlango. Kila nikisikia hatua nje nadhani ni Ummu Saidi. Hakuja mtu. Watoto wa Sib walipita mitaani na vikapu vyao kujitayarishia nusu ya Ramadhani ya kesho, pale wanapopita nyumba kwa nyumba wakiimba wapewe peremende, wakatuita tutoke, nikasema tumbo linauma. Bibi aliuliza zimwi langu liko wapi, nikasema nimeshalila. Mwongo haendi mbali, lakini usiku ule nilidhani labda ataenda.

Asubuhi sahani yetu ilikuwa kizingitini, imeoshwa, imefudikizwa, haina kitu. Anayejua desturi za huku na za kule kwetu anajua maana yake: sahani ya jirani hairudi tupu. Hata chumvi kijiko utatia, hata limau moja. Mama aliiokota akaigeuza, akaitazama ndani kama kwamba kitu kimejificha. Kisha akachukua ndoo, akatoka. Alirudi mara moja na ndoo kavu. Mlango wa ua umefungwa kwa ndani, alisema, na alipobisha alisikia watu wakinyamaza. Mwanamke wa nyumba ya tatu, aliyekuwa na Kiswahili kidogo, alimwambia mlangoni bila kumkaribisha: watu wa Zanjibari mmeleta sihiri kwa Ummu Saidi, sanamu yake yeye mwenyewe imepigwa misumari machoni. Mwalimu wa msikiti ameitwa, anakuja baada ya alasiri kuisomea. Mama alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Hakulia. Alisema tu, polepole, kama anayehesabu mizigo, "Tutarudi Matrah."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikwenda kwa Bibi nikamwambia yote: kunguru, kawa, kaimati, uongo wa kuwa nimekula. Nilitarajia kofi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja ambalo sikulitegemea: "Unamuogopea nini?" Nikasema, uso wake hauna mdomo. Akatikisa kichwa, akachukua mkongojo wake. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema. "Twende kabla ya alasiri. Mwalimu akishaliona, litakuwa la mji." Ikawa ni jua la utosini, mchanga unachoma, mimi nimeshika kiuno cha kanzu yake nyuma.

Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha msahafuni. Alijua kumuomba Mungu amuepushe na moto; hakujua kumuomba mtu ndoo. Changu kilikuwa cha mchezoni, cha miezi michache, cha "nipe" na "zamu yangu" na "mwizi". Kwa hiyo Bibi alisema na mimi nikafasiri, yaani mshitakiwa ndiye alikuwa mkalimani. Alibisha mlango kwa mkongojo, bila haraka, mpaka ukafunguliwa. Ummu Saidi alikuwa amesimama kivulini, barakoa usoni, na nyuma yake watoto wake wawili wamekumbatiana. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa katikati ya ua, limefunikwa jiwe, limezungushiwa chumvi juu ya mchanga. Zimwi langu lilikuwa humo.

"Mwambie ni mkate," Bibi akasema.

Nikamwambia. Ummu Saidi akauliza, mkate gani una misumari machoni.

"Mwambie ni karafuu. Mwambie kwetu hata wali tunautia."

Nikamwambia kadiri nilivyoweza. Hakusadiki, nami sikumlaumu. Bibi akaenda mwenyewe, akaliondoa jiwe kwa ncha ya mkongojo, akalitoa zimwi akanipa. Lilikuwa gumu kama kigae, na ile asali imekauka, imepasuka usoni.

"Mwambie aliyeufanya uchawi hawezi kuula. Ukishamwambia, kula."

"Bibi, nimefunga."

"Najua umefunga. Kula."

Nataka msomaji aelewe. Siku kumi na nne nilikuwa nazo, nzima, sijaonja hata mate ya ubuyu, na ile ya kumi na tano ilikuwa imeshafika nusu. Mtoto hana mali nyingine. Nilimtazama Bibi nikidhani atacheka. Hakucheka. Nikauma. Niliuma kwenye jicho, kwa sababu ndilo lililoogopwa, na karafuu ikapasuka chini ya jino ikanichoma ulimi mpaka machozi yakanitoka. Nikatafuna, nikameza, nikauma tena. Watoto wa Ummu Saidi walikuwa wakinitazama kama mtu anayekula mende. Na yeye Ummu Saidi akasogea hatua moja kutoka kivulini, akaniuliza kwa sauti ndogo: umefunga, wewe?

Nikasema, "Nilikuwa."

Sidhani kama ni zimwi lililomgeuza. Nadhani ni lile neno. Alinyosha mkono akanizuia nisiume mara ya tatu, akanikalisha juu ya mkeka, akaniuliza kwa nini nimemfanya yeye. Bibi hakuelewa swali, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na wa kunipa maneno. Nikasema nakuogopa. Akauliza, unaogopa nini kwangu. Nikagusa pua yangu. Alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna mwanamume, akafungua kamba nyuma ya kichwa, akaivua barakoa. Nilitarajia kizee. Alikuwa msichana, mdogo kuliko Mama, na juu ya pua na mashavuni rangi ya ile nguo ilikuwa imemwachia alama za buluu, kama mtoto aliyechezea wino. Aliniuliza, na hii je, unaiogopa?

Nikasema, "Kidogo."

Akacheka mpaka akashika mbavu, na Bibi, ambaye hakujua kilichosemwa, akacheka naye. Mwalimu alipofika baada ya alasiri alimkuta Ummu Saidi akimjazia Mama ndoo, akaambiwa ni mambo ya watoto, akasoma dua ya kheri tu akaenda zake. Ile siku moja niliilipa baada ya Idi, ingawa hakuna aliyenilazimisha.

Lakini nisiwadanganye watu kwamba kila kitu kilikuwa asali. Ummu Saidi hakula chakula cha Bibi mwaka mzima. Sahani zake zilikuja zimejaa, zetu alizipokea kwa shukrani, na Raya aliwahi kuona kaimati zetu zikipewa mbuzi. Bibi aliambiwa, akasema mbuzi naye ni jirani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kujuana kunataka siku zake. Ramadhani ya pili, siku ya kumi na nne, Ummu Saidi aliwaleta watoto wake kwetu na boga la shamba lao, akasema nao wafinyange, kwa sharti moja: hakuna macho. Chenye macho ni sanamu, na sanamu hataki. Bibi alinung'unika sana. "Zimwi kipofu litamtisha nani?" Lakini alizirudisha karafuu ndani ya kifuko, na tokea mwaka ule mazimwi ya nyumba yetu hayana macho. Baada ya kufuturu, Ummu Saidi alivunja kipande cha la mwanawe, akala mbele yetu.

Mwaka huu, joto lilipovunjika, nilikuwa Bawshar kwa mwanangu wa kiume, nikaingia jikoni nikawakuta wajukuu wangu na meza imejaa. Ile siku ya mazimwi ya Wazungu imewafika kwenye simu. Walikuwa na biskuti za vidole vya mtu zenye kucha za lozi, na soseji zimezungushiwa mikanda ya unga kama maiti aliyekafiniwa. Nilisema astaghfirullah, halafu nikala mbili, maana unga ulikuwa umeumuka vizuri, na nilitaka kujua nani ameukanda. Boga wamelichonga uso na nyama yake yote wameitupa kwenye pipa, jambo ambalo ningekuwa na nguvu za zamani ningelizungumza kwa fimbo. Agnes, msichana wa Kiganda anayewasaidia, alikuwa akifuta meza mbali kidogo na zile sahani. "Bibi," akaniambia, "kwetu mtu akikuwekea hii kitu kwa mlango, wewe unahama."

Nikamuuliza Hafsa, mjukuu wangu mkubwa, aliyekuwa anachora damu ya jamu kwenye kidole: "Huyu nani?"

"Si mtu, Bibi. Zimwi tu."

"Unamuogopa?"

"Hapana."

"Sasa umemtengeneza wa nini?"

Alifikiri kwa haki, maana ni mtoto mkweli. "Anatoka vizuri kwenye picha," akasema.

Sisemi sisi tulikuwa bora. Sisi tulikuwa wajinga, na ujinga wetu ulikaribia kumnyima Mama maji. Watoto hawa wana maji ya mfereji chumba hadi chumba, na hakuna mwalimu atakayeitwa kwa ajili ya biskuti. Nimefanya kazi tangu karai likiwa linanifika kifuani ili wapate hayo, wala siwaonei kinyongo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale natafuna kidole cha mtu asiyekuwepo, niliuliza swali la kizee: jirani wa ukuta huu ni nani? Hafsa hajui. Mwanangu alipokuja kutoka kazini hajui. Alisema wana gari jeupe. Miaka minane mwanangu na watu wake wamekaa humo. Nikatoka barazani nikatazama. Ukuta mrefu, geti linajifungua lenyewe, gari likaingia na vioo vyeusi, geti likajifunga. Mtu huyo hajanitisha hata siku moja. Nami ningepewa donge la unga sasa hivi nikaambiwa nimfinyange, nisingejua nianzie wapi.